Mwavuli wa Jenerali

Kila siku ya kazi, saa sita na robo mchana, Matar Khamis alishuka kwenye basi lake, akavua mkoba wa tiketi, akaketi kwenye benchi la mawe chini ya sanamu ya Jenerali Sir Barnaby Tregold aliyepanda farasi, pale Kilburn, Landani, akafungua kopo lake la chakula. Kopo lenyewe lilikuwa la biskuti zamani. Ndani mlikuwa na chapati mbili na maharage ya nazi, au wali na samaki wa kukaanga, kutegemea jana yake alipika nini. Kabla ya tonge la kwanza alisema, "Karibu."

Hakuwa akimwambia mtu. Ulikuwa mdomo tu, mazoea. Kwao Unguja mtu hali mbele ya mwenzake bila kumkaribisha, hata kama mwenzake anapita zake upande wa pili wa njia. Anayekaribishwa hujibu "Starehe," akaendelea na safari yake, na heshima ikawa imekamilika pande zote mbili. Pale Kilburn wapitao walikuwa wengi na hakuna aliyejibu, kwa hiyo baada ya wiki za mwanzo Matar aliacha kutazama nani anapita. Alisema karibu, akala, akafuta mikono, akarudi kazini.

Kosa lake lilikuwa hilo. Mtu asiyejibu starehe hajakataa.

Alikaribisha hivyo kwa miaka saba. Jumanne moja ya mwezi wa Machi 1972, kukiwa na manyunyu, Jenerali alitoa mguu wa kulia kwenye kikuku cha tandiko, akashuka taratibu, akaja akaketi upande wa kushoto wa benchi. Benchi lilitoa mlio. Alikuwa wa shaba kuanzia kofia hadi buti, kijani kwenye mikunjo ya koti, na juu ya kofia alikuwa na vinyesi vya njiwa vya tangu enzi za Malkia mzee.

"Samahani kwa kuchelewa," alisema. "Ni magoti."

Matar alisogeza kopo katikati. Jenerali alikata chapati kwa mkono wa kulia, kama alivyoona ikikatwa kila siku, akachota maharage, akatafuna kwa muda mrefu. Akasema kwamba kwa miaka saba alikuwa akijiuliza kile cheupe ni nini. Matar akamwambia ni tui. Farasi hakualikwa, kwa hiyo alibaki juu.

Kuldip, dereva wa basi la Matar, alikuwa akila zake ndani. Alikuwa Singasinga wa Nairobi, mwenye kilemba cha buluu na tabia ya kulizungumzia basi kama mtu anavyozungumzia ng'ombe wake. Alishuka na chupa ya chai, akamtazama mgeni juu hadi chini.

"Huyu mzee iko na tiketi?"

"Mgeni wangu," alisema Matar.

"Basi akae katikati. Akikaa pembeni, hii basi italala."

Jenerali alikaa katikati. Basi lilikwenda vizuri, ila milimani lilipumua kidogo. Abiria mmoja, bibi mwenye kikapu, alimwomba Jenerali asogeze upanga wake, naye akausogeza.

Matar alikuwa amepanga chumba cha nyuma katika nyumba ya Bi Dinah, mjane mwenye paka wawili. Mwaka 1965 Bi Dinah alichukua wiki tatu kufikiri kama nyumba yake inamfaa mtu kama Matar. Kuhusu Jenerali hakufikiri hata dakika moja. Alimpa chumba cha mbele chenye dirisha la barabarani, ambacho Matar alikuwa amekiomba mara nne, akamwambia tu afute miguu.

Mgeni ni mgeni. Jioni ile Matar alipika pilau, kwa bizari na mdalasini aliouziwa na Bharti, mwanamke wa Kihindi aliyekulia Mkunazini, Unguja, na sasa ana duka Kenton. Alimwalika na Kuldip. Wakala, na Jenerali akasimulia maisha yake, kwa sababu mtu aliyekaa juu ya farasi miaka themanini bila kuulizwa kitu ana mengi ya kusema.

Alikuwa mtoto wa mchungaji. Alipenda farasi kuliko vitabu, na farasi nao walimpenda, ndipo akaingia jeshi la wapanda farasi. Alipanda vyeo kwa sababu kila aliyekuwa mbele yake alianguka au alioa vizuri. Vita vyake vikubwa vilikuwa Kot Bela, kule Punjabi. Aliamrishwa kushambulia kaskazini. Ukungu ulikuwa mzito, naye akawaongoza wapanda farasi mia sita kusini kwa kasi kubwa mno. Kule kusini akalikuta jeshi la adui limekaa chini linakula chakula cha mchana. Ulikuwa ushindi wa dakika ishirini, na kwa ajili yake alipewa cheo, nishani, na baadaye sanamu.

"Walikuwa wanakula nini?" aliuliza Kuldip.

"Dengu, nadhani. Palikuwa na sufuria kubwa. Mpishi alisimama akaninyooshea mkono hivi." Jenerali aliunyoosha mkono wake wa shaba, kiganja juu, kuelekea sinia. "Nilidhani anaifuata silaha."

Kuldip aliutazama ule mkono. Babu wa babu yake alitoka Punjabi.

"Hapana silaha," alisema polepole. "Huyo alikuwa nakwambia karibu."

Jenerali aliurudisha mkono mapajani. Neno karibu alilijua vizuri kuliko neno lolote la Kiswahili, kwani alilisikia kila mchana kwa miaka saba, na kabla ya hapo, yaonekana, mara moja. Matar alimwongezea mchuzi.

Baada ya chai akamalizia habari yake. Aliporudi nyumbani walimwomba agombee ubunge, akashinda, kwa sababu wapiga kura walikuja kumwona farasi. Alikaa bungeni miaka kumi na minane na akahutubia mara nne. Mara ya kwanza aliomba dirisha lifungwe. Mara ya pili aliomba lifunguliwe. Ya tatu ilihusu mitaro ya maji machafu, na anaamini ilisaidia. Ya nne hakuikumbuka. Alikumbuka tu kwamba ilikuwa baada ya chakula, na kwamba watu walicheka sana.

Siku ya pili alikula samaki, akamfundisha mmoja wa paka kukaa wima.

Siku ya tatu asubuhi Matar alimweleza, kwa adabu zote, kwamba kwao kuna msemo: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jenerali akaupenda mno. Alisimama katikati ya jiko, visigino pamoja.

"Nipe jembe langu."

Jembe halikuwepo, na Bi Dinah hakuwa na bustani. Lakini Matar alikuwa na jambo, na jambo lenyewe ndilo hili.

Desemba 1963 alikuwa karani wa forodha Unguja, na serikali mpya ilimpeleka Landani kwa mafunzo ya miezi sita. Alimwacha mkewe, Nunuu, ana mimba changa. Alikuwa na pasi mpya inayonuka gundi, yenye picha ya karafuu. Nchi iliyoitoa pasi ile iliishi mwezi mmoja na siku mbili. Matar alisikia habari ya mapinduzi redioni, akiwa amesimama kwenye foleni ya chai na sahani mkononi. Mwaka uliofuata Nunuu alifanikiwa kuvuka hadi Mombasa, kwa shangazi yake, Kibokoni, na mtoto wa kike mgongoni. Mtoto anaitwa Thuweba. Sasa anakaribia miaka minane, na baba yake hajapata kumgusa hata kidole.

Kila Machi Matar alikwenda kwenye ofisi ya vibali kugongewa muhuri wa kukaa mwaka mmoja zaidi. Na kila Machi alipeleka ombi kwamba mkewe na mwanawe waje. Na kila Machi alijibiwa kwamba ombi linaangaliwa. Thuweba aliandika barua kila mwezi, kwa mwandiko wa shule, na kila barua iliisha kwa swali lilelile, kwa sababu mama yake alimwambia Landani hunyesha daima: Baba, je, unarowa?

"Wewe ulikuwa mbunge," Matar alimwambia Jenerali. "Unayajua maneno yao. Jembe lako ni kwenda na mie dirishani."

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," alisema Kuldip, ambaye msemo huo aliusoma kwenye khanga ya yaya wao Nairobi na hakupata nafasi ya kuutumia tangu hapo. Alibadilishana shifti na mwenzake ili awapeleke.

Matar alivaa suti yake ya kahawia. Safari hii, kwa mara ya kwanza, alikuwa na mtu wa kumsemea.

Kwenye dirisha la nne la ofisi ya vibali alikaa Bi Margaret, mwanamke mpole mwenye miwani ya mnyororo. Alimjua Matar kwa miaka minane na kila mara alimwuliza hali ya kikohozi, ingawa Matar alikohoa mwaka mmoja tu. Alimwona Jenerali, akachukua fomu.

"Na huyu ni nani?"

"Mgeni wangu."

"Jina?" Akaandika. "Anwani?" Akaandika benchi, Kilburn. "Tarehe ya kufariki?"

"Novemba 1889," alisema Jenerali. "Mapafu."

"Pole sana," alisema Bi Margaret, akaandika.

Jenerali aliweka mikono miwili kwenye kaunta, nayo ikainama. Alisema maneno mengi mazuri, mengine ya Kilatini. Alisema bwana huyu amemlisha, kwamba yeye, Tregold, ameona majeshi na mabunge na hajaona ukarimu kama huu, na kwamba anataka kujua, kwa heshima, ni kitu gani hasa kinachomzuia mke wa bwana huyu kuja kukaa na mumewe.

Swali hilo hakuna aliyewahi kuliuliza namna ile, moja kwa moja. Bi Margaret alifurahi kuulizwa. Alitoa kitabu kinene, akalamba kidole, akafungua ukurasa ambao ulikuwa unafunguka wenyewe.

"Ni kifungu hiki," alisema. "Kinamhusu kila mtu aliyetoka nchi iliyokuwa chini ya himaya yetu. Msingi wake ni sentensi moja." Akasoma: "'Watu hawa wako chini ya mwavuli wetu, si ndani ya nyumba yetu.'"

"Hayo yamesemwa vizuri," alisema Jenerali.

"Asante. Ni yako. Tregold, Juni 1876, hotuba ya nne. Hapa wameandika kwenye mabano: kicheko."

Jenerali alifurahi. Tuseme kweli, alifurahi sana. Mtu akikaa miaka themanini na njiwa kichwani halafu akasomewa maneno yake kitabuni, lazima kifua kipanuke. Halafu akageuka kumtazama Matar. Matar alikuwa ameshika picha ya Thuweba, ile aliyoileta kila mwaka ili waiambatishe, na kila mwaka walimrudishia kwa sababu fomu haina nafasi ya picha. Jenerali akataka kuvua kofia. Kofia ilikuwa imefinyangwa pamoja na kichwa, haikutoka, lakini alijaribu.

"Nayaondoa maneno hayo," alisema.

"Anayeweza kuyaondoa ni mbunge."

"Nilikuwa mbunge."

"Mbunge aliye hai."

"Mimi nimekufa miaka themanini na miwili, na bado mnayatumia."

"Kuyatumia kunaruhusiwa," alisema Bi Margaret. "Kuyabadili ndiko hakuruhusiwi. Samahani, Jenerali. Si mimi niliyeyasema."

Maji yakimwagika hayazoleki, na yale yalikuwa yamemwagika Juni 1876. Jenerali alisimama pale, na kaunta ikaendelea kuinama.

Bi Margaret hakupenda mtu aondoke dirishani kwake mikono mitupu. Aliona kwenye fomu kwamba Jenerali hana pasi, akasikitika. Dakika kumi na moja baadaye Jenerali alikuwa na pasi mpya ya miaka kumi. Kufariki hakukuwa kikwazo. Alizaliwa Uingereza, na hilo halina mjadala. Matar naye akagongewa muhuri wake wa mwaka mmoja, akapewa karatasi iliyosema ombi linaangaliwa.

Matar aliumia. Alitoka nje akasimama ukutani, uso umeelekea matofali, mpaka Kuldip akaja akasimama karibu naye. Jenerali alimnyooshea Matar ile pasi, akamwomba aichukue. Kuldip aliifungua, akatazama picha, akamtazama Matar.

"Ndevu hapana fanana," alisema.

Wakacheka, wote watatu, hapo kwenye mvua. Matar alicheka mpaka machozi yakapata kisingizio. Ndipo wakarudi Kilburn, Jenerali akiwa katikati ya basi.

Kesho yake, saa sita na robo, Jenerali aliaga. Alimwuliza Matar mgeni aliyemkosea mwenyeji wake kwao hufanya nini. Matar akamwambia huaga vizuri, kwa sababu kosa halifutiki lakini kuaga hukumbukwa. Mvua ilikuwa imekaza. Ule uwanja wa sanamu hauna paa, na kwa miaka saba Matar alikuwa amekula huku ameliinamia kopo lake ili maharage yasijae maji. Jenerali alikuwa amemwona toka juu kila siku, na hakupata kufikiri kwamba jambo lile linamhusu.

"Mna msemo kuhusu ahadi?" aliuliza.

"Ahadi ni deni," alisema Matar.

"Mimi nilisema mko chini ya mwavuli. Kati ya wote waliocheka siku ile, na mimi mwenyewe, kuna aliyewahi kuushika huo mwavuli?"

Matar alifikiri. Akasema hapana, hakupata kuuona.

"Nyumba siwezi, wamenikatalia. Basi hilo la mwavuli angalau nilitimize."

Kondakta wa basi Landani hakosi mwavuli. Abiria husahau watoto mara chache na miavuli kila siku, na ile isiyodaiwa kwa miezi mitatu huwa ya aliyeiokota. Matar alikuwa nao mmoja mkubwa mweusi, wenye mpini wa mti. Akampa, kama mwenyeji anavyompa mgeni wake kitu cha mkononi anapoondoka. Jenerali alivua upanga, akaufikiria kidogo, akampa Kuldip.

"Hauna makali," alisema. "Lakini ni mrefu. Kwa masufuria makubwa."

Kuldip aliupeleka gurdwarani, hekalu la Masingasinga, kwenye jiko ambamo hupikwa chakula cha yeyote anayeingia. Waliuosha, na mpaka leo wanakorogea dengu.

Jenerali alipanda farasi wake, kwa shida, Matar akimsukuma kwa chini. Alipotulia aliunyoosha mkono wa kulia, ule uliokuwa umeelekeza upanga kusini tangu asimamishwe hapo, akaufungua mwavuli juu ya benchi. Kufika saa saba mwavuli ulikuwa wa shaba.

Mkaguzi wa sanamu alikuja mwezi wa Mei. Daftari lake lilisema: jenerali mmoja, farasi mmoja, kitu mkononi. Alihesabu, vyote vilikuwepo, akatia alama ya vema. Bi Dinah alikifunga chumba cha mbele kwa ufunguo, endapo Jenerali atarudi. Matar alikiomba mara ya tano.

Machi ya 1973 Matar alikwenda dirishani, akaulizwa hali ya kikohozi, akapewa mwaka mmoja na karatasi. Siku hiyohiyo mchana aliketi kwenye benchi. Mvua ya Landani ilimwagika pande zote, barabara nzima imerowa, farasi amerowa, Kuldip amekimbilia ndani ya basi. Kwenye benchi halikuanguka hata tone. Alifungua kopo, akaichomoa karatasi mfukoni, akaisoma yote, akaikunja. Ombi linaangaliwa.

"Karibu," alisema.

"Starehe," alijibu Jenerali kutoka juu.

Matar alikula akashiba. Halafu akatoa kalamu, akaigeuza ile karatasi upande mweupe, akaiweka gotini, akaanza kumjibu mwanawe. Safari hii alikuwa na jibu.

*Thuweba mwanangu. Salamu kwako na kwa mama yako. Siku hizi sirowi tena. Nimepata mwavuli, mkubwa, wa shaba, na kuna mzee anayenishikia. Nyumba bado.*